Konseye wa Nyumba Tano

Enzi zetu, sisi watoto wa Kikongomani tuliokulia Durban, simu ndani ya nyumba ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya baba. Ilikuwa na tochi na ule mchezo wa nyoka, na kuipata mkononi kulikuwa kugumu kuliko kupata karatasi za ukimbizi. Basi tulicheza nje. Tulipanga makopo matatu katikati ya barabara, tukayapiga kwa mpira wa soksi, tukakimbia hadi kila geti lilipoanza kutoa sauti ya mama anayeita. Mmoja aliita kwa Kizulu, mwingine kwa Kiingereza cha Kihindi, na wangu kwa Kiswahili cha kwetu: "Sifa, kuya! Kuya sasa hivi!" Hata watoto wa Kizulu walijua kwamba ni kusema njoo, wakaniita wote kwa pamoja kunicheka.

Najua nina umri mdogo wa kusema "enzi zetu". Nina miaka ishirini na mitatu. Lakini mtoto wa dada yangu akiingia nyumbani kwangu huuliza neno la siri la intaneti kabla hajasalimia, na hapo ndipo ninapojiona bibi kizee. Nawaandikia nyinyi mnaojua ninachosema, mliokula mikate ya mama zenu, yale maandazi ya duara, shuleni kwa kujificha hadi siku mtoto wa Kihindi alipoonja mmoja na kuanza kuwabadilishia sambusa.

Tulikaa Chatsworth, katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya familia moja ya Kihindi. Mwenye nyumba tulimwita Anti. Akipika mchuzi, harufu ilitufikia kupitia dirisha la choo. Mama akikaanga ndagala, dagaa wa kwetu, Anti alifunga madirisha yake yote, halafu baadaye alituma mtu kuomba sahani moja. Mama alisuka nywele saluni kule Isipingo. Baba alikuwa na diploma ya ualimu kutoka kwetu, na kazi yake ilikuwa kulinda magari kwenye maegesho ya duka kubwa. Alivaa koti la rangi ya machungwa. Akifika nyumbani alilivua mlangoni, akalikunja ndani nje na kuliweka juu ya kabati tusilione.

Babu yangu, mzazi wa baba, alifika mwaka 2008. Alikuja kwa basi kupitia Zambia, siku nyingi barabarani, na alishuka akiwa amevaa suti, tai na kofia ya ukingo mpana, kana kwamba amekuja kufungua daraja. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Waliweka pazia katikati ya chumba tulicholala mimi na dada yangu, upande mmoja ukawa wake. Mama alisema babu anakoroma kwa Kifaransa.

Wakongomani wa Durban walimwita Konseye, yaani diwani. Ilikuwa kweli. Kabla ya uhuru, Wabelgiji walipokaribia kuondoka na kuanza kuwaruhusu watu weusi wa mjini wapige kura, babu alichaguliwa kuingia baraza la komini katika mji mmoja wa kando ya ziwa. Alikuwa na miaka isiyofika thelathini. Baba yake alikuwa mpishi wa mapadre, ndiyo maana alipata shule, na shule ikampa ukarani bandarini. Watu walimpigia kura kwa sababu ndiye aliyewasomea barua zao. Alifanya kampeni kwa baiskeli, tai ikipepea begani.

Hadithi hizi nilizijua kwa moyo. Niliyoipenda zaidi ilikuwa ya ukaguzi. Ili mtu mweusi ahesabiwe kuwa ameendelea, Wazungu walikuja kukagua nyumba yake. Walifungua kabati la babu, wakatazama uma na visu. Walitazama kama watoto wanalala kitandani. Wakamuuliza bibi yangu kama anakula mezani pamoja na mumewe au jikoni na watoto. Bibi, ambaye maisha yake yote alikula jikoni kwa raha zake, alijibu kwamba anakula mezani, tena kwa uma. Babu akapewa kadi.

Kwa hiyo na sisi, katika vyumba viwili vya Chatsworth, tulikula fufu, ugali wetu wa muhogo, kwa uma. Jaribuni siku moja mtaelewa. Babu alikaa mwisho wa meza ya plastiki, mgongo umenyooka, akisema, "Sifa, kiwiko. Kiwiko, mtoto." Mwaka wa Kombe la Dunia nilipopata vuvuzela, alinisikiliza nikiipiga, akaniambia kwa upole kwamba barazani kwao mtu alinyoosha mkono kwanza.

Baba alizipenda hadithi hizo kuliko mimi. Wageni wakija baada ya ibada ya Jumapili, hakuwaambia habari za kazi yake. Aliwaambia, "Huyu ndiye Konseye. Mzee wangu alikaa na Wabelgiji meza moja." Wageni walimsalimia babu kwa mikono miwili, na baba alikaa vizuri zaidi kwenye kiti chake.

Nyuma ya uzio wetu alikaa Anko Musa. Alikuwa mmoja wa wale wanaoitwa Wazanzibari pale Chatsworth: Waislamu ambao wazee wa wazee wao waliletwa Durban na Waingereza kutoka pwani ya kaskazini, wengi wao Wamakua. Alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha viatu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, maneno machache ya mama yake na mengine aliyoyapata kwa Watanzania wa msikitini, na kilipoisha alijazia kwa Kizulu. Babu alizungumza Kiswahili cha mapadre chenye Kifaransa ndani. Walielewana vizuri ajabu.

Kila siku saa kumi jioni Anko Musa alipita kwenye tundu la uzio akiwa na birika la chai ya tangawizi, na babu alitoa ubao wa drafti wenye vifuniko vya chupa. Babu alicheza polepole. Anko Musa alicheza haraka na kushindwa haraka.

"Eish, Konseye, umenikula tena!"

"Wewe unacheza kama mutu anayekimbiza basi, Musa. Keti. Fikiri."

Walicheza hivyo kwa karibu miaka minne. Sikumbuki siku hata moja walipoulizana habari za kale kwa undani. Babu alisema "wakati nilikuwa barazani". Anko Musa alisema "kabla hatujaletwa huku". Kisha waliendelea kusukuma vifuniko.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu alisema kila mtoto aandike habari za mzee wa kwao kwa ajili ya Siku ya Urithi, na mwenye mzee hai amlete. Niliandika kurasa tatu. Asubuhi hiyo mama alinivalisha kitenge, babu alivaa suti yake, na Anko Musa, ambaye hakuwa na mjukuu katika shule yetu, alikuja tu kumsindikiza rafiki yake. Alivaa kanzu nyeupe na kofia iliyopigwa pasi. Waliketi mstari wa mbele, bega kwa bega, kwenye viti vidogo vya watoto.

Nilisoma kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa kama babu alivyonifundisha. Nilisoma habari za baiskeli, za tai na za uma, watu wakacheka palipostahili. Kisha nikafika mwisho, sehemu niliyojivunia kuliko zote:

"Babu yangu alileta maendeleo. Katika mji wao kulikuwa na mtaa unaoitwa Nyumba Tano, na nyumba zake zilikuwa za matope. Babu aliwahamisha watu wa Nyumba Tano akawapeleka mlimani kwa malori ya serikali, ili bandari iwe kubwa. Hawakutaka kwenda kwa sababu hawakuelewa. Lakini babu alitia sahihi, na wakaenda."

Ukumbi ulipiga makofi. Mwalimu alipiga makofi. Mimi nilimtazama babu, na babu alikuwa anatazama kofia yake iliyokuwa magotini. Anko Musa hakupiga makofi. Alisimama, akanyoosha kanzu, akainama kumwambia babu maneno machache, akatoka kabla sambusa hazijaletwa.

Njiani nilimuuliza babu Anko Musa alisema nini.

"Amesema jua limekuwa kali," babu alijibu. Siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Saa kumi jioni babu alitoa ubao, akapanga vifuniko, akakaa. Birika halikuja. Kesho yake akapanga tena. Baada ya wiki moja aliacha kupanga, akawa anakaa tu na ubao uliofungwa mapajani. Tundu la uzio lilizibwa kwa kipande cha bati, na sikuona ni nani aliyelifunga.

Mama ndiye aliyenieleza. Alielezwa na mke wa Anko Musa walipokuwa wanaanika nguo. Watu wao zamani walikaa upande wa Bluff, karibu na bahari, wana msikiti wao na miti yao ya matunda. Serikali ya makaburu ikaamua kwamba pale si mahali pao tena. Ilikuja karatasi, halafu yakaja malori. Musa alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yake alikuwa amemwagilia bustani asubuhi ile ile, kwa mazoea, na mikono yake ilikuwa bado na udongo alipopanda lori.

"Na wewe ukasimama mbele yake ukasoma ile," mama alisema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anakunja shuka.

Nilienda kwa babu upande wake wa pazia. Nilikuwa nimelia tayari, kwa hiyo niliongea vizuri tu. "Babu, nimeandika vibaya?"

Alisogeza kofia yake, akanipa nafasi kitandani.

"Umeandika vile mi nilikuambia," alisema. "Umeandika muzuri. Mi ndiye nilikuambia vibaya. Leta daftari."

Nilileta. Ilikuwa Jumamosi mchana, mama yuko saluni, dada yangu yuko nje anaruka kamba. Babu aliketi kwenye meza ya plastiki akiwa amevaa tai, ingawa hakuna mtu aliyekuja, akaanza kusema nami nikaandika. Alisema polepole, akingoja kalamu yangu.

Alisema kwamba miaka yote aliyokaa barazani aliongea mara tatu tu. Kifaransa cha Wazungu kilikwenda haraka, na kila alipopata sentensi, mazungumzo yalikuwa yamekwisha hamia kwingine. Alisema watu wa Nyumba Tano, ambazo kwa kweli zilikuwa nyumba zaidi ya mia, walikuwa wapiga kura wake. Ndio waliomchagua. Wakubwa walipotaka kupanua bandari, waliogopa fujo, wakahitaji jina moja jeusi chini ya karatasi.

"Waliniahidi kule mulimani iko bomba ya maji," alisema. "Hivyo ndivyo nimesema siku zote. Nimemwambia bibi yako, nimemwambia baba yako. Andika sasa: hiyo ni uongo. Nilipanda mwenyewe mulima pamoja na mupima ardhi. Niliona kwa macho yangu. Maji hakuna. Bomba hakuna. Iko majani na mawe."

"Kwa nini ukatia sahihi, babu?"

Aliivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai.

"Mukubwa alikuja nyumbani kwangu. Alikaa kwenye kiti changu. Akaniita *Monsieur*, yaani Bwana, mbele ya bibi yako. Hakuna Muzungu alikuwa ameniita hivyo. Nikatia sahihi." Kisha akaongeza, "Na nilipewa nyumba ya matofali. Andika na hiyo."

Malori yalipomaliza kazi, alisema, mwanamke mmoja alishuka mlimani kwa miguu hadi kwenye nyumba hiyo ya matofali. Alikuwa amebeba mlango kichwani. Ulikuwa mlango wa nyumba yake ya Nyumba Tano, ambao mume wake fundi seremala aliuchonga kabla hajafa. Aliulaza kibarazani, akasema, "Konseye, huko juu bado sina ukuta wa kuutia. Nitunzie mpaka nitakapojenga." Hakutukana. Alisema asante, akapanda mlima. Babu aliuweka nyuma ya nyumba, na miaka yote bibi aliutumia kuanikia mihogo. Yule mwanamke hakurudi kuuchukua.

"Aliitwa nani?" niliuliza.

"Sikumbuki," babu alisema.

Tulikuwa hapo baba alipoingia. Koti la machungwa lilikuwa bado mwilini. Nadhani aliona sura zetu akasahau kulivua. Alichukua daftari akasoma akiwa amesimama. Baba yangu hakuwahi kumpandishia babu sauti, na hata siku ile hakupandisha.

"Mzee, hii inaenda wapi?"

"Shuleni. Sifa ataisoma upya."

"Haendi."

"Ataenda."

Baba aliweka daftari mezani, akajitazama lile koti. "Mzee, tazama nimevaa nini. Watu wananitupia funguo hapa, hawanitazami usoni. Kanisani wananisalimia kwa sababu yako. Watoto hawa, wakiulizwa kwao ni nani, wanajibu sisi ni wa Konseye. Kwetu nyumba imeungua, shamba limechukuliwa. Kitu tumebaki nacho ni hicho. Sasa na hicho unakitoa?"

Babu alimtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mzee wa kawaida, mwenye shingo nyembamba kuliko kola.

"Nakuomba musamaha, mwanangu," alisema. "Hicho nilikupa, lakini hakikuwa changu. Nilikichukua kwa watu."

Baba alitoka nje. Alikaa kwenye ngazi za Anti hadi mama aliporudi. Siku hiyo tulikula bila yeye, na babu hakuuliza habari za kiwiko.

Jumatatu nilipeleka kurasa mpya shuleni. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo kubwa, aibu au makofi. Mwalimu alizipokea, akazipima kwa macho, akasema ni ndefu sana na Siku ya Urithi imekwisha pita. Zile za kwanza zilikuwa ukutani tayari, zimepambwa kwa karatasi za rangi, na zilibaki hapo mpaka mwisho wa mwaka. Alama zangu hazikubadilika. Nilijifunza mapema kwamba watu wengi wakishapiga makofi hawapendi kusumbuliwa tena.

Nilirudi nazo, na badala ya kupita getini kwetu nilizunguka hadi mlango wa mbele wa Anko Musa. Alikuwa kwenye kibaraza anamenya madumbe, magimbi ya huku. Nilimwambia nina kurasa nyingine.

"Nimesikia za kwanza," alisema.

"Hizi ni za kweli."

Aliendelea kumenya. Nikaanza kusoma, maana sikujua la kufanya lingine. Niliposoma habari ya majani na mawe, kisu kilisimama. Niliposoma habari ya mlango, alikiweka chini. Nilipomaliza, alikaa akitazama maganda miguuni pake.

"Huyu mama. Jina lake?"

"Babu hakumbuki."

"Anakumbuka," Anko Musa alisema. "Mtu akikuletea mlango wake, unakumbuka. Nenda muulize tena. Mwambie Musa anataka jina."

Nilikwenda mbio. Babu alikuwa amekaa kitandani, kofia pembeni. Nilipomwambia, aliinamisha kichwa, na nikaona kwamba Anko Musa alikuwa sawa: jina lilikuwapo siku zote, lakini kulitamka ndiko kulikomshinda. Nilichukua kalamu. Babu akanizuia mkono.

"Hapana. Hii nitapeleka mwenyewe."

Ilimchukua muda kuvaa viatu. Kwa barabara, kuzunguka uzio, ni mwendo wa dakika tano kwa mtoto. Babu alitumia karibu nusu saa, amenishika bega, akisimama kwenye kila nguzo ya taa. Anko Musa alimwona tangu mbali na hakuinuka kumsaidia. Alingoja. Babu alifika chini ya kibaraza, akavua kofia.

"Mwamini," alisema. "Mwamini binti Ramazani."

Anko Musa alilirudia taratibu. Lilikuwa jina la Kiislamu, jina ambalo shangazi yake mwenyewe angeweza kuwa nalo, na niliona likimwingia.

"Alijenga?" aliuliza.

"Sijui. Sikupanda kuangalia. Nilikaa mji ule miaka mingi baadaye, na sikupanda hata siku moja."

"Kwa nini unaniambia mimi? Mimi si mtu wa kwenu."

"Wa kwetu siwezi kuwafikia tena," babu alisema. "Na wewe uko hapa, na umeacha kuja."

Anko Musa alipangusa mikono kwenye suruali. "Waliotuhamisha sisi, nilikuwa nafikiri ni watu wabaya tu. Sura zao sikuziona, niliona karatasi. Nikawa nasema, siku moja nikimpata mwenye sahihi nitamfanya hivi na hivi." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Halafu anakuja kuwa wewe. Mzee wa drafti."

"Si mimi niliyetia sahihi yenu, Musa."

"Najua. Yetu hakuna aliyekuja kunipa jina."

Babu alibaki amesimama kwenye jua na kofia mkononi. Mimi nilihesabu maganda. Mwishowe Anko Musa alivuta kiti cha pili kwa mguu.

"Keti, mzee. Utaanguka. Sijasema imeisha. Nimesema keti."

Haikuisha siku ile, wala haikurudi ilivyokuwa. Bati kwenye uzio liliondolewa baada ya kama mwezi mmoja. Chai ilirudi. Lakini sasa walizungumza, na drafti ikawa inakwama katikati. Anko Musa alimuuliza maswali magumu, kwa utulivu, mengine alikwisha kuyauliza jana. Babu aliyajibu yote. Wakati mwingine alirudi ndani amechoka, akalala bila kuvua tai. Nilimuuliza mama kama tumwambie Anko Musa apunguze. Mama alisema hapana, mwache, mzee anafanya kazi yake.

Mwaka 2015 ulianza vibaya. Mnayakumbuka mashambulizi dhidi yetu wageni, sina haja ya kuyasimulia. Wengi wetu walikimbilia kwenye mahema. Sisi Anko Musa alikuja mwenyewe kutuchukua, tukalala sebuleni kwake siku sita, watu watano kwenye zulia moja, na yeye akaweka kiti chake getini na kukaa hapo mchana kutwa. Babu alikuwa amedhoofika sana. Kila asubuhi alikunja blanketi lake mwenyewe, pembe kwa pembe, akamkabidhi mke wa Anko Musa kwa mikono miwili.

Alifariki miezi michache baadaye, mchana, usingizini. Alikuwa na miaka themanini na sita.

Kanisa lilijaa. Jumuiya nzima ya Wakongomani ilitaka kumzika Konseye. Wasemaji walisimama mmoja baada ya mwingine wakamsifu mtu aliyekaa na Wabelgiji meza moja. Anko Musa alisimama nje karibu na mlango na kofia yake nyeupe, maana hakutaka kuingia na hakutaka kuondoka. Baba alikuwa wa mwisho. Alikuwa na karatasi mkononi. Mama aliniambia baadaye kwamba aliiandika usiku mzima na ilikuwa imejaa sifa. Aliitazama, akaikunja.

"Baba yangu alikuwa konseye wa Nyumba Tano," alisema. "Aliwakosea watu waliomchagua. Alikiri mwenyewe, mbele ya mtoto wangu na mbele ya jirani, wakati hakuna aliyemlazimisha. Mimi nilimkataza. Hakunisikia. Nashukuru hakunisikia."

Akakaa. Kulikuwa na minong'ono, na mzee mmoja wa kanisa alianzisha wimbo haraka. Wapo ambao hawakutusalimia tena kwa mikono miwili. Baba hakulalamika. Wiki iliyofuata alitundika lile koti la machungwa kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali pa nguo zote. Kaburini, Anko Musa alitupa udongo baada yetu sisi wa familia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Anti alikwisha uza nyumba ile. Anko Musa naye alimfuata babu kaburini miaka mitatu baadaye, na mahali pa uzio sasa kuna ukuta mrefu wenye waya wa umeme juu. Mimi nakaa karibu na Cato Manor, katika chumba chenye intaneti nzuri, na mpwa wangu huja kila Jumamosi.

Ana bibi mzaa baba kule Kongo. Huzungumza naye kwa video. "Hi, Koko!" anasema, na bibi anasogeza uso kwenye simu hata tunaona paji tu, anamwonyesha kuku, anamwonyesha kitenge kipya, mtandao unakwama, wanapungiana mikono. Yote huchukua chini ya dakika mbili. Nikimuuliza bibi yako ni mtu gani, anajibu bila kufikiri, "She's nice." Labda ni kweli. Sina sababu ya kubisha.

Lakini sisi wazee wetu hawakuwa wazuri kwa dakika mbili. Walikohoa upande wa pili wa pazia, walitusahihisha viwiko, walitudanganya miaka minne, na kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda wala sisi pa kukimbilia, mwisho walituambia ukweli. Namtazama mpwa wangu akirudi kwenye mchezo wake, bibi yake amekwisha toka kwenye kioo, na ninafikiri: huyu mama naye bila shaka kuna jambo amelibeba, na anayepaswa kulisikia amekata simu.